Dekio linalojikamua: nyuzi zinachanika, na mikono ya mama bado inauma

"Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Morogoro. Mama yangu ana miaka 61. Vidole vyake vinavimba, asubuhi hawezi hata kufungua kifuniko cha chupa ya chai, lakini hataki mtu mwingine amdekie nyumba yake. Nimemtengenezea dekio la kujikamua. Mpini ni bomba jembamba la chuma, na juu yake kuna bomba la nje fupi linalozunguka. Nimetumia nyuzi za pamba nusu kilo ili linywe maji ya kutosha. Ncha za chini nimezifunga mwisho wa mpini, za juu nimezifunga kwa waya kwenye lile bomba la nje. Ukisokota, nyuzi zinajinyonga na maji yanatoka. Nimepiga na bolti ili bomba la nje lisiteremke wakati wa kusokota. Nina matatizo matatu. Ukiachia tu, nyuzi zinajisokotoa kabla maji hayajaisha. Wiki mbili tu, nyuzi zimeanza kukatika pale kwenye waya. Na mama anasema bado mikono inamuuma. Nafikiria niweke springi kali ikamue badala yake, au niachane nalo nitengeneze la ndoo ya kuzunguka kama za madukani. Halafu kuna jamaa ameniambia nikimbilie hataza, ile haki ya kisheria ya mbunifu, kabla sijamwonyesha mtu. Nifanye nini?"

Marahaba, fundi. Nimesoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale unaposema mama bado anaumia. Wewe umeliweka la tatu. Mimi naliweka la kwanza, kwa sababu hayo mengine ni mambo ya chuma na uzi, na wewe chuma unakijua. Dekio lako limetoa kazi ya kukamua kwenye tambara likaipeleka kwenye bomba, lakini kazi yenyewe bado inamtaka mama afumbe kiganja na kubana kwa nguvu. Mtu mwenye vidole vilivyovimba, hicho ndicho hasa asichokiweza.

Tutaufikia mkono wa mama. Ila nianze na uzi, maana ukielewa kwa nini unachanika, hayo mengine yatafunguka yenyewe.

Chukua taulo, lilowanishe, shika ncha moja na mwenzako ashike nyingine. Anzeni kusokota kila mtu upande wake. Kitu cha kwanza mtakachokihisi ni kwamba mnavutwa. Taulo linataka kuwa fupi, linawasogeza mkaribiane. Mkigoma kusogea, linakakamaa kama kamba ya kufungia ng'ombe, na mkizidi kusokota, linaanza kuachia pembeni, pale vidole vinapobana. Mkilegeza kabisa, linajikunja mafundo na maji yanabaki ndani. Ila mkisogea kidogo kidogo huku mkiendelea kulivuta, maji yanamwagika kama bomba limefunguliwa.

Dekio lako ni hilo taulo, na ile bolti ndiyo mtu aliyegoma kusogea.

Tupige hesabu. Tuseme nyuzi zako zina urefu wa sentimita 30, na zikishajikusanya kuzunguka mpini zinafanya kifungu chenye kipenyo cha sentimita 4. Uzi wa nje ukizunguka kifungu hicho mara moja, umetumia sentimita 12 na nusu za urefu wake kwa kuzunguka tu. Ukizunguka mara moja na nusu, umetumia karibu 19. Sasa tumia kanuni ya pembetatu mraba uliyofundishwa sekondari: uzi ni ule upande mrefu, mzunguko ni upande wa chini, na urefu uliobaki kando ya mpini unakuwa sentimita 23 na kidogo. Kwa hiyo bomba lako la nje, ambalo kuanzia hapa nitaliita bushi, linatakiwa lishuke karibu sentimita 7. Wewe umelizuia kwa bolti. Hizo sentimita 7 zinatafutwa ndani ya uzi wenyewe, na pamba haina uwezo wa kurefuka kiasi hicho. Inakatika.

Tena haikatiki yote kwa pamoja. Nyuzi za ndani, zilizolala karibu na mpini, zinazunguka duara dogo na hazivutwi sana. Za nje ndizo zinazobeba mzigo wote. Angalia dekio la mama sasa hivi: naamini zilizokatika ni za nje, na za ndani bado nzima. Ndiyo maana kuongeza nyuzi hakusaidii. Nusu kilo ni nyingi mno, kifungu kinanenepa, tofauti kati ya uzi wa nje na wa ndani inakua, na katikati panabaki donge la maji ambalo msokoto haulifikii. Anza na gramu 200, zikizidi sana 250. Nyumba haidekiwi kwa dekio linalonywa ndoo nzima. Inadekiwa kwa dekio linalonywa, linakamuliwa, linarudi kunywa tena.

Basi toa bolti. Lakini usiliache bushi liteleze ovyo, maana lile taulo lililolegea pia halikamui. Unataka bushi lishuke huku likikataa. Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, ubandike ndani ya bushi ukumbatie mpini kwa msuguano wa wastani. Ukilisukuma kwa kidole kimoja ligome, ukilisukuma kwa kiganja likubali. Kipande kile cha mpira kitakupa mkazo uliokuwa unautafuta kwa bolti, bila kuua uzi.

Waya nao uondoe. Waya mwembamba uliokazwa kwa koleo ni kisu, na kila ukisokota unausugua uzi uleule mahali palepale. Ukingo wa bushi nao, kama umekatwa kwa mashine ya diski ukaachwa, una makali hata kama huyaoni. Upitishe tupa mpaka uwe wa mviringo, kisha upitishe kidole ndani na nje. Halafu usifunge ncha za nyuzi: toboa matundu kuzunguka bushi na kuzunguka kichwa cha chini, kisha pitisha uzi mmoja mrefu ukipanda na kushuka, kama mtu anayefuma kitanda cha kamba. Mmarekani Joy Mangano, aliyebuni Miracle Mop mwaka 1990, alitumia uzi mmoja wa pamba wa futi 300, yaani karibu mita 91, uliozungushwa mikunjo mikunjo badala ya nyuzi zilizokatwa moja moja. Uzi wa mkunjo unagawana mzigo na jirani yake: upande mmoja ukivutwa zaidi, unajisogeza kidogo kwenye tundu na kupata ahueni. Uzi uliofungwa ncha hauna pa kukimbilia.

Na hakikisha ni pamba kweli. Pamba ikiloa inakuwa na nguvu zaidi kuliko ikiwa kavu. Viskosi, uzi wa kiwandani unaotokana na mbao, ambayo kwa macho na kwa mkono inafanana nayo sana, ikiloa inapoteza nguvu nyingi. Nyuzi nyingi za bei ya chini ni mchanganyiko wa hivyo viwili, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui. Kipimo hakihitaji maabara: vuta uzi mkavu mpaka ukatike, kisha vuta mwenzake uliolowa. Wa pili ukikatika kirahisi kuliko wa kwanza, usiununue. Vipande vya fulana vinavyotupwa na mafundi cherehani navyo vinafaa sana, mradi ni vya pamba. Ukivuta ukanda wa fulana unajikunja wenyewe kuwa kamba ya mviringo isiyochambuka pembeni.

Sasa hilo la kujisokotoa. Msokoto wowote ni springi. Umeulazimisha kukaa pasipo pake, na ukiachia unarudi. Maji yanahitaji sekunde kadhaa kusafiri kutoka katikati ya kifungu hadi nje na kudondoka, na katika sekunde hizo mama analazimika kuendelea kubana. Hapa ndipo maumivu yake mengi yanapotoka. Kusokota ni mara moja, lakini kushikilia kunachosha. Unachohitaji ni kifaa kinachokubali kwenda mbele na kukataa kurudi nyuma, yaani racheti. Wewe umeshaishika mara elfu: ni friwili ya baiskeli, ile inayolia tik-tik-tik ukiacha kupiga pedali.

Kwa dekio la majaribio usiumize kichwa kuchonga racheti mpya. Nenda kwa fundi baiskeli, nunua friwili chakavu ya gia moja ambayo bado inalia vizuri. Ifunge kwenye mpini juu ya bushi, sehemu yake ya ndani ikiwa imekazwa kabisa na mpini. Kwenye bushi chomelea vidole viwili vya nondo ya milimita 6, vinavyotazama juu, kila kimoja sentimita 10, ili vipite kati ya meno ya friwili. Milimita 6 inapita kwa nafasi, kwa sababu meno hayo yametengenezwa kupokea roli ya mnyororo yenye karibu milimita 8. Ukilivuta bushi juu, vidole vinaingia kwenye meno. Ukisokota, friwili inakubali na kulia. Ukiachia, inakataa kurudi. Na kwa kuwa vidole ni virefu, bushi linashuka zile sentimita 7 likiwa bado limeshikwa. Maji yakiisha, unalisukuma bushi chini, vidole vinatoka kwenye meno, nyuzi zinajisokotoa zenyewe na dekio linachanua tayari kwa kazi.

Angalizo moja: kabla hujachomelea chochote, hakikisha umeigeuza friwili upande sahihi. Kwa mkono wa kulia unaosukuma kwenda mbele, tik-tik inatakiwa isikike wakati wa kusokota. Ukikosea, utapata dekio linalogoma kusokotwa.

Friwili hiyo ni nzito na itapata kutu, kwa hiyo si kitu cha kuuzia. Ni cha kujifunzia. Ukiridhika na jinsi inavyofanya kazi, mtafute mkerezaji akukeree racheti ya plastiki. Niliwahi kulifungua dekio la dukani lililokufa na kuliweka mezani. Kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa ulimi mdogo wa plastiki unaozuia kurudi. Ulikuwa umekatika kwenye shina, na pale ulipokatikia pamepauka, rangi nyeupe kama mstari wa chaki. Weupe ule ni plastiki iliyopindishwa mara nyingi mno mahali pembamba. Piga hesabu uone ulimi ule ulibeba nini: nguvu ya kusokota inayolingana na kilo 4 mwishoni mwa fimbo ya sentimita 10, ikihamia kwenye jino lililo sentimita 1 na nusu tu kutoka katikati, inakuwa karibu kilo 27 juu ya kipande kisichozidi ukucha. Kwa hiyo weka ndimi mbili zikabiliane zigawane mzigo, na shina la kila ulimi liwe nene na lenye kona ya mviringo. Plastiki ile ya madumu inafaa kuliko naylon, kwa sababu naylon inakunywa maji na kuvimba kidogo, na racheti iliyokerezwa ikakaa vizuri ikiwa kavu inaweza kugoma ikishaloa. Ukilazimika kutumia naylon, iache na nafasi.

Tuje kwenye mkono wenyewe.

Mtu anaposhika bomba na kulizungusha, nguvu anayoipata inategemea mambo matatu: anabana kiasi gani, kiganja kinashika au kinateleza, na bomba ni nene kiasi gani. Mkono unaoweza kubana kwa kilo 25, kwenye bomba la milimita 25 lenye maji ya sabuni kidogo, unapata nguvu ya kuzungusha inayolingana na kilo 2 na nusu mwishoni mwa fimbo ya sentimita 10. Ni ndogo. Ukiliongeza bushi unene likafika milimita 50, mkono uleule unapata maradufu bila kubana zaidi. Hilo linamfaa mtu mwenye mikono mizima, na kwa dekio la kuuza lifanye hivyohivyo, pamoja na mbavu za kusimama ili kiganja kisiteleze.

Lakini mama yako hatakiwi kubana kabisa. Mchomelee bushi bawa moja la bomba jembamba, sentimita 12 kutoka katikati, lenye kishikio cha mpira mwishoni. Sasa hashiki, anasukuma kwa kiganja kilichofunguka, hata kwa mkono wa mbele karibu na kiwiko. Kilo 4 za kusukuma mwishoni mwa bawa hilo zinazidi alichokuwa anakipata kwa kubana kwa nguvu zake zote kwenye bomba lako. Liwekee bawa bawaba ndogo likunjwe kando ya mpini wakati wa kudeki, lisije likawa linagonga miguu ya meza.

Na hapa kuna jambo ambalo wabunifu wengi hulisahau, nami nimeliona likiharibu kazi nzuri. Ukisokota bushi kwenda kulia, mpini unataka kwenda kushoto. Lazima kitu kiuzuie. Kwenye dekio lako kinachouzuia ni mkono wa pili wa mama, unaobana bomba jembamba, kwa hiyo hata ukirekebisha mkono mmoja, mwingine utaendelea kulia. Weka msalaba juu ya mpini, kama kishikio cha sepetu, sentimita 15 kila upande. Ataulaza mkono wa mbele juu yake au ataufungia kwenye kiwiko, na mpini hautazunguka. Kichwa cha dekio kikiwa kimekaa kwenye pembe ya ndani ya ndoo, hakitakimbia.

Sasa umeona kwa nini springi kali si jibu. Springi haina nguvu yake yenyewe, inarudisha ile iliyopewa. Ili ikamue kwa nguvu, lazima mtu aibane kwa nguvu kwanza, na mtu huyo ni mama. Utakuwa umemhamishia kazi kutoka wakati wa kukamua hadi wakati wa kuitega, na umeongeza hatari juu: springi kali iliyotegwa ndani ya bomba, ikiachia karibu na vidole vya mtu, inavunja.

La ndoo ya kuzunguka nisikufiche: ni zuri. Ndani ya mpini kuna chuma kilichopindwa kama parafujo yenye hatua ndefu, yaani nafasi kubwa kati ya mzunguko mmoja na unaofuata. Ukisukuma mpini chini, kichwa kinazunguka ndani ya kikapu, na maji yanarushwa nje yenyewe. Kikapu chenye nusu kipenyo cha sentimita 10 kikizunguka mara 600 kwa dakika, kila tone la maji linavutwa kwenda nje kwa nguvu inayozidi uzito wake karibu mara 40. Hakuna kubana wala kusokota, ni kusukuma chini kwa uzito wa mwili. Kasoro zake ni kwamba ndoo ni nzito kuihamisha ikiwa na maji, kikapu kinachakaa, na parafujo ile huwezi kuitengeneza kwa mashine ya kuchomelea. Hatua zake zikiwa fupi mno, inajifunga badala ya kuzunguka. Ukitaka kushindana na viwanda kwenye hilo, utatumia pesa nyingi kufikia pale walipo leo.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja, na kwa fundi wa bati ndiyo rahisi kuliko zote. Mwaka 1956 Mhispania Manuel Jalón Corominas, mhandisi wa ndege, alitengeneza ndoo ya chuma yenye roli za kukamulia dekio. Baadaye, mwaka 1964, roli zote ziliondoka, pakabaki koni ya plastiki yenye matundu inayokaa kwenye mdomo wa ndoo. Unaingiza dekio ndani ya koni, unasukuma chini ukizungusha kidogo, basi. Hakuna kitu kinachozunguka, hakuna cha kuvunjika, na Hispania nzima ikaacha kudeki kwa kupiga magoti. Mimi huwa naipenda hadithi hiyo kwa sababu toleo la pili lilikuwa na vipande vichache kuliko la kwanza.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mama asisubiri ubunifu wako. Wiki hii hii mnunulie ndoo ya koni au ya kuzunguka, yoyote utakayoipata, na usimjazie ndoo zaidi ya nusu. Wewe endelea na dekio la msokoto pembeni, kwa sababu lina soko lake: nyumba zenye sakafu ya saruji mbaya isiyo na marumaru, ambako kichwa cha maikrofaiba kinanasa na sponji inanyofoka, na ambako mtu anatumia ndoo yoyote aliyonayo. Nyuzi nene za pamba kwenye sakafu ya namna hiyo hazina mpinzani.

Ukishatengeneza la pili, lipime kwa mizani ya jikoni. Pima kichwa kikiwa kikavu, kisha kikiwa kimekamuliwa. Kichwa cha gramu 200 kikitoka kwenye kukamuliwa na gramu 400, maana yake kimebakiza maji sawa na uzito wake, na hapo umefika pazuri. Usihangaike kukikausha zaidi. Watu wengi wanadhani dekio zuri ni lile linalotoka karibu kavu, lakini dekio kavu linasukuma vumbi, halilichukui. Likitoka na gramu 600, sakafu itabaki na maji ya kuteleza, na mtu wa miaka 61 hatakiwi kuanguka kwenye marumaru.

Kuhusu vifaa, niseme mawili ya usalama. Mpini wako kama ni wa bomba lililopakwa zinki, isage ile zinki yote pale unapotaka kuchomelea, na uchomelee nje penye upepo. Moshi wake mweupe unaleta homa na baridi kali saa chache baadaye, na mafundi wengi wanadhani ni malaria. Pili, dawa ya klorini tunayong'arishia nguo nyeupe inakula chuma, inakula hata pamba, hivyo mwambie mama alisuuze dekio kwa maji matupu baada ya kuitumia na alianike kichwa kikiwa juu. Na asiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo au na dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu, na watu hudekia bafuni milango imefungwa.

Hataza isikukoseshe usingizi. Wazo la kukamua kwa kusokota ni la zamani, na hata dekio lenye wenzo wa kukamulia lilishapewa hataza Marekani mwaka 1893, mbunifu akiwa Thomas W. Stewart, Mmarekani mweusi wa Kalamazoo, Michigan. Hataza za namna hiyo zimekwisha muda, kwa hiyo uko huru kuyatumia mawazo hayo. Kinachoweza kuwa kipya ni namna yako ya kuliachia bushi kwa kulisukuma chini, na hilo linahitaji kutafutwa kwanza kama halijatangulia kusajiliwa. Kwa Tanzania Bara utaulizia BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Jamaa yako ana haki kwenye kitu kimoja: usiweke picha za ule utaratibu wa ndani mtandaoni kabla hujaamua, kwa sababu kitu kikishatangazwa kinaweza kuhesabiwa si kipya tena. Lakini pesa yako ya kwanza ipeleke kwenye madekio kumi ya majaribio. Wape majirani wa mama, kisha nenda ukakae kimya uwaangalie wakideki. Usiwaulize kama ni zuri, watakujibu kwa adabu. Angalia mkono upi unashika wapi, na wapi wanasita.

Ofisi ya SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) ya mkoa wako waone kabla hujafikiria kutengenezesha mouldi, yaani kalibu ya kumiminia plastiki, maana mouldi ni mamilioni na haikubali kubadilishwa baada ya kukatwa. Mtu wa kukuonyesha kwa macho kona itakayovunjika, akiwa ameshika dekio lako mkononi, atakusaidia kuliko mimi ninayeliona kwa maandishi.

Vivyo hivyo mikono ya mama. Mimi ni mhandisi, si daktari, lakini vidole vinavyovimba, tena vinavyokakamaa asubuhi mpaka ashindwe kufungua chupa, si uzee tu. Mpeleke hospitali, umweleze daktari vinachukua muda gani kulainika tangu aamke, na kama inakwenda hadi saa nzima lisemwe hilo kwanza. Baadhi ya magonjwa ya viungo yakianzishiwa dawa mapema huacha kuharibu, yakicheleweshwa vidole havirudi. Na kama amekuwa akinunua vidonge vya maumivu dukani kila siku, apunguze kwa ushauri, kwa sababu baadhi yake vikitumika muda mrefu vinaweza kuumiza tumbo na figo.

Ukimaliza dekio la pili, niandikie namba tatu: uzito wa kichwa kikavu, uzito baada ya kukamuliwa, na bushi limeshuka sentimita ngapi. Na kama kuna uzi uliokatika, niambie ni wa nje au wa ndani, na umekatikia wapi.